Kandambili Mlangoni

Mama, ile dripu ya Ocean Road
uliyoiita maji ya bei mbaya
ilikuwa madini.
Platini, jirani wa dhahabu,
kashikwa na amonia mbili na klorini mbili.
Hizo klorini, akifika penye maji ya seli, huzivua
kama mtu avuavyo kandambili mlangoni.
Huingia peku,
hukaa juu ya uzi wa uhai, habanduki.
Seli haiwezi tena kujigawa. Inakufa.

Ndivyo nilivyokueleza pale Ligula, kitanda cha dirishani,
nawe ukauliza ambalo profesa wangu hakuniuliza:
"Na anaijuaje nyumba ya kuingia?"

Haijui.
Aliingia kwenye nywele. Akaingia kwenye figo.
Aliingia masikioni, na mpaka leo
unasema humo kuna nyenje mmoja
hanyamazi, hata Newala nzima ikilala.
Hata ming'oko ikawa na ladha ya msumari.

Maabara yetu ni chumba kimoja nyuma ya chuo, Mtwara mjini.
Gesi inachimbwa Mnazi Bay, umeme unakatika kwetu;
mashine ya kukorogea ikisimama
nakoroga kwa mkono, nahesabu.
Mafuta ya maganda ya korosho,
yaleyale yaliyokubabua vidole miaka yote ya kubangua,
nimeyachuja, nimeyavika shaba.
Msombo wa kumi na tisa.
Fuwele zake kijani, rangi ya kisamvu kilicholala.

Asumini Nandonde, tunayegawana naye benchi, akacheka:
"Bibi yangu alivaa shaba mkononi kwa maumivu ya viungo,
wala hakuandika tasnifu."
Alipona?
"Alizikwa, bangili tukagombania."

Tukautuma Dar, wanakofuga seli kwenye kabati la joto.
Majibu yalikuja Jumanne.
Seli za saratani: themanini na nane kwa mia zimekufa.
Nikasimama. Nikamwita Asumini.
Nikasoma mstari wa pili.
Seli zenye afya: themanini na sita.

Kumi na tisa, kumbe nawe
hubishi hodi.

Nilikukuta uani na debe la korosho,
kipande cha nondo, bakuli la majivu.
Ulipaka vidole majivu kwanza, kimoja kimoja,
hata katikati ya kucha.
Sikukwambia majibu. Ulinivuta
upande wa sikio linalosikia.
"Utomvu wa ganda mimi sijawahi kuumaliza," ukasema.
"Nachagua tu usiponiguse."
Ukanipa korosho iliyovunjika,
maana nzima ni za kuuza.

Nimelala na hayo majivu.
Tunasoma kwamba nyumba ya saratani haina hewa ya kutosha,
kwamba ndani mna uchachu kuliko kwa majirani.
Labda hiyo ndiyo alama ya mlango.
Labda shaba ifungwe viatu vya kamba,
fundo lisilofunguka ila penye uchachu ule.
Labda. Asumini anasema fundo langu
litafunguka kwenye tumbo kwanza,
na huenda ni kweli.

Jumatatu naanza wa ishirini.
Shaba ileile. Mafuta yaleyale.
Nimeandika tarehe juu ya ukurasa,
chini yake swali lako, bila jibu,
na umeme umekatika.
Nakoroga.