Kosa la Herufi Moja

Mamdogo Somoe ananiuliza kutoka jikoni,
pua imeziba, sauti imebaki nusu:
"Mafua haya si tuliyaugua mwaka jana?
Mgeni aliyekwisha kuaga anabishaje hodi tena?"

Newala, Julai. Ukungu umelala barabarani hadi saa nne.
Kwenye zamu yangu ya maabara nimeandika
majina arobaini na moja ya wanaokohoa.
Lako nililikosea, mamdogo. Niliandika Somo.
Herufi moja ilidondoka,
na daftari likamtambua mwanamke mwingine.

Kirusi nacho ni karani mvivu.
Hujinakili usiku kucha, hakisomi kilichoandika.
Makosa yake mengi huishia jalalani.
Ila walinzi wa damu yako bado wameshika daftari la mwaka jana:
wanamtafuta Somoe,
anapita Somo.

Sasa watazame bata wako hapo uani.
Seli zao zimeota sukari kama vinyweleo,
za koo lako pia,
ila zao zimepinda huku, zako zimepinda kule.
Kirusi cha bata hupapasa zako, huteleza,
mkono uliopakwa mafuta juu ya komeo.
Mpaka kosa fulani likipinde kidole.
Hapo hushika.

Lakini kushika komeo si kuingia ndani.
Seli hukimeza kilichoshika, hukitia kifukoni,
kifuko kikaanza kuchachuka
kama mabibo yaliyosahauliwa kwenye ndoo.
Uchachu huo ndio kinaoungoja.
Mwiba uliokunjwa hufyatuka, huchoma ukuta, huuvuta,
na ngozi mbili zinakuwa moja:
matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi
uliyoyagusanisha kwa ncha ya kijiko.

Haya huhitaji kufundishwa.
Miaka kumi na tisa unabangua korosho,
utomvu wa ganda umekula alama za vidole vyako.
Ganda likipasuka mapema, korosho imeharibika;
likigoma, unalala njaa.
Ndivyo na mwiba ule.
Kosa lililoufundisha kushika
huweza kuulegeza mtego wake,
ukafyatuka hewani, katikati ya chafya na mlango,
ukafa bila kumwona mtu.
Basi huhitaji kosa jingine, la kuukaza.
Mawili yakutane. Katika kirusi kimoja. Siku moja.

Mamdogo anacheka, kicheko kinageuka kikohozi,
anakifunika kwa pindo la kanga.
"Kwa hiyo kinakosea mpaka kinapatia?"

Nimesomea miaka mitatu,
sikuwahi kulisikia likisemwa kwa ufupi hivyo.

Bata mmoja ameingia, anapita chini ya meza,
anadonoa ukoko karibu na mguu wake.
Kesho nitairudisha ile *e* yako daftarini.
Leo, tafadhali,
bata walale nje.