Ufa

Saa sita mchana, Fresno, zege halimngoji mtu.
Eleuterio kapiga magoti juu ya ubao,
anamwaga unga wa rangi ya kutu,
anatandika mkeka wa mpira, anaukanyaga,
anaubandua:
jiwe.

Jiwe la uongo, lenye ufa mmoja
mfano wa kijito kilichokauka.
Hatua tatu mbele, ufa uleule.
Tena. Tena.

Baba yake alichonga mawe ya kweli kule Tlacolula;
hakuwahi kuona mawili pacha.

Bi Haroutunian anatoka na maji ya barafu:
"Utadhani yamechimbwa!"

Anaporudi ndani
Eleuterio anashika mwiko kwa ncha,
na pembeni, karibu na bomba la bustani,
anakwaruza ufa mwingine,
uliopinda,
wa mkono.

Jioni zege limekaza.
Limeunyamazia.