Mpima Kivuli

Kazi yangu ilikuwa kamba.
Kila alfajiri, kabla kunguru wa Kurasini hawajaanza fujo,
nilimkuta mfalme kasimama barazani, miguu mitupu,
nikapigilia kigingi karibu na kisigino chake,
nikaanza kutembea.

Kivuli cha Mfalme Tambwe hakikufuata jua.
Kilikwenda kilikotumwa.
Nilikiandama hadi Pugu, siku mbili njiani,
nikilala Gongo la Mboto kwa dada yangu,
na kwenye ncha yake nikakuta watu wamenyamaza,
wamekalia kodi zao kama kuku juu ya mayai.
Ndivyo nasaba ilivyotawala:
palipo giza la mfalme, pana mfalme.

Tambwe akafa kwa mwiba wa samaki.
Wakamvika kilemba mwanawe, Chaurembo,
kijana wa miaka kumi na tisa, mwoga wa popo,
anayekiomba radhi kizingiti akikikanyaga.
Asubuhi ile nikapigilia kigingi, nikakaza kamba,
nikaishia Keko.
Kamba iliyobaki ilinilemea bega.

Daftarini niliandika: Pugu.
Sijui kwa nini. Huruma, labda. Labda mshahara.

Lakini watu hawasomi madaftari. Wanatazama chini.

Pugu wakagoma kuleta udongo mweupe wa kupaka kasri:
tunaanza na nyumba zetu, walisema,
na kuta zetu zikaota madoa kama mgonjwa wa tetekuwanga.
Kunduchi, Bi Mwanamvua Dosa wa mashamba ya chumvi
akarudisha gunia la kodi limejaa mchanga,
na ndani ya mchanga, jino la mtoza kodi.
Manzese wakashusha bendera, wakashonea magunia ya mkaa.
Ubungo wakaziba njia kwa malori ishirini,
madereva wakacheza bao chini ya matela:
"Kivuli tunachokijua ni hiki."
Kariakoo hawakuasi.
Kariakoo walipandisha bei ya kamba.

Na Mbagala, ami yake mfalme, Mwinshehe,
alijitangaza usiku, taa kumi za uwanjani mgongoni,
kivuli chake kikaruka mabati hadi Mtoni,
watu wakapiga magoti, wengine wakalia,
mpaka jenereta ilipoishiwa mafuta.

Wiki hiyo Chaurembo akaniita pembeni.
"Sefu, nimefika wapi leo? Usinisomee daftari."
Nikatazama.
"Kwenye ndara zako, bwana."
Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.
Akanipisha kwenye mkeka, tukala kashata,
akaniuliza kama kamba huwa inaniumiza.

Walikuja jioni, kwa barabara ya bandari,
Mwanamvua mbele, kanga kaifunga kibwebwe,
chumvi imemkaukia miguuni kama soksi.
Kivuli chake kilitangulia kuingia getini,
kikapanda ngazi, kikalala juu ya kilemba.
Walinzi wakaweka mikuki chini, polepole,
kama watu wanaotua mayai.
Umati ukapiga kelele: "Mpime! Mpime!"
Nami, mbwa wa mazoea, nikatoa kigingi.

Akaikanyaga kamba.
"Jioni," alisema, "hata kuku ana kivuli kirefu.
Njoo kesho Mnazi Mmoja, saa sita mchana."

Chaurembo alikwisha vua kilemba, anatafuta pa kukiweka.
Hakuna aliyempokea. Akakikalia.

Kesho yake nilikwenda.
Jua lilikuwa utosini, kali, halina upendeleo.
Walijaa hadi barabarani: wa Pugu na vumbi jeupe kopeni,
madereva, wachuuzi, Mwinshehe na deni lake la mafuta,
na kijana mmoja kichwa wazi akinunua maji ya pakiti.
Kila mtu alikuwa amekikanyaga chake.
Nikasimama katikati yao na kamba yangu ya siku mbili,
kigingi mkononi,
nikizungusha macho chini,
nikitafuta pa kupigilia.