Leo Juu au Chini

Oktoba, Bugarika: mawe yanalala na joto
kama watu wanavyolala na deni.
Saa tisa usiku bati bado linapumua juu yangu,
nami niko chali kwenye mkeka,
mikono nimeitupa mbali na mwili
kama kuku anayeanika mabawa.

Kwapa la kulia limeamka kabla yangu.
Nalijua. Kwanza huwasha, kana kwamba limekumbuka kitu,
kisha kifundo kigumu, punje ya mbaazi chini ya ngozi,
kisha siku ya tatu. Ya siku ya tatu
siyasimulii.

Miaka kumi na mmoja niliita majipu.
Shangazi Nyanzobe aliita husuda,
akanibandika jani la mnyonyo lililopashwa motoni,
nikauma upindo wa kanga.
Mwalimu mkuu aliita uchafu, ingawa si kwa mdomo:
aliniachia sabuni mezani, mche mzima,
umefungwa kwenye gazeti.
Nikaoga mara nne kwa siku,
nikajisugua kwa dodoki
mpaka maji yakawa ya waridi.

Halafu foleni ya Bugando, benchi la mbao,
daktari kijana mwenye kalamu inayovuja.
Aliandika jina refu kuliko foleni yenyewe,
akasema: si uchafu. Hujamwambukiza mtu.
Akafunika kalamu. Huu hauponi, mwalimu,
huu unalelewa.
Nikashuka kilima chote nikilitafuna neno hilo,
kulelewa,
kama mtoto wa mtu mwingine
aliyeachwa mlangoni pangu.

Basi nalea.
Wembe nimeutupa.
Dodoki amepewa Lugembe, asugulie sufuria.
Fundi Limbu amenipanulia makwapa ya magauni yote,
akauliza, sindano mdomoni,
"Unataka mikono au mabawa?"
Nikamwambia, upepo.
Kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka methali ikafutika,
naikata vipande, naweka kati ya ngozi na ngozi.
Sabuni ya dawa kwa kiganja tu, polepole,
kama unaosha utosi wa kichanga.
Umeme ukiwapo, feni. Uniti zikiisha,
kitambaa na maji ya mtungi.

Na ziwa? Lipo pale chini, limetanda,
linang'aa kama halijui shida ya mtu.
Alfajiri mvuke wake hupanda jiwe kwa jiwe
hadi dirishani, ukaniingia kwapani bila hodi.
Watu husema ziwa linaupoza mji.
Labda mji wa wenye ngozi.

Shuleni ubao ni mrefu, mimi mfupi.
Darasa la nne, watoto themanini na wawili.
Tarehe huandikwa juu kabisa, kona ya kulia.
Siku mbaya nilianzia katikati,
nikasingizia chaki, nikasingizia mwanga,
nikajaribu mkono wa kushoto, na herufi
zikatawanyika kama mbuzi waliokatiwa kamba.
Wakacheka. Nami nikacheka,
kiwiko nimekitenga na ubavu.

Ng'wandu hakucheka.
Ng'wandu wa dawati la nyuma, ambaye mama yake
anauza dagaa Mwaloni,
ambaye hakuna anayetaka kukaa naye.
Asubuhi moja aliburuta kiti, akapanda,
akaitoa chaki mkononi mwangu bila kuomba,
akaandika tarehe. Oktoba aliiwekea k mbili.
Sikuisahihisha.

Jana wingu lilijitokeza upande wa Ukerewe,
moja, jeusi, tukalitazama sote,
likarudi lilikotoka.
Leo nimevaa gauni la mabawa.
Kifundo kiko siku ya pili.

Ng'wandu amesimama mlangoni, kiti kimeegemea goti lake:
"Mwalimu, leo juu au chini?"

Ziko siku nasema juu, na mkono unapanda wote,
mpaka kona, mpaka vumbi la chaki linirudie usoni.

"Chini," nasema. "Panda wewe.
Na Oktoba ina k moja."