Aliyebaki Ndani ya Jabali

Nkwimba hutoka jua likizama,
buti nyeupe za mpira ndani ya kiroba,
anashuka ngazi za mawe hadi barabarani,
kisha Igogo, kiwandani,
akakeshe na minofu ya sangara na barafu.
Mimi nabaki huku juu Bugarika
na watoto wawili, jiko moja la mkaa,
na hadithi moja tu niliyorithi.

Paukwa, nasema.
Pakawa, wanaitika, midomo imejaa matobolwa.

Hapo kale msichana alifichwa jabalini
asije akaliwa na zimwi.
Kaka zake saba wakaenda kuwinda.
Kila waliporudi waliimba,
na jiwe lilifunguka kwa sauti zao tu.
Yeye akapakua ugali, akaosha vibuyu,
jiwe likajifunga.
Ndivyo bibi yangu alivyoisimulia,
na sikuwahi kumuuliza
kama mle ndani mlikuwa na dirisha.

Minza, miaka minane, anauliza dirisha.
Anauliza na wimbo:
mbona yeye mwenyewe hakufundishwa?
Na kaka saba, wote saba, kila siku porini,
hata mmoja hakuumwa tumbo akabaki?

Nakohoa. Nachochea mkaa usiohitaji kuchochewa.

"Basi leo mimi ndiye ninayewinda," anasema,
"na Lugiko awe yule kaka mdogo."
Lakini Lugiko, mwiko mkononi uliokuwa mkuki
dakika moja tu iliyopita,
anautazama, anaurudisha kwenye sufuria.
"Mimi naliogopa zimwi.
Nataka kukaa jabalini. Mle kuna uji."

Hapo ulimi wangu uliinuka wenyewe
kama mbwa aliyesikia mluzi
wa bwana aliyekwisha kufa:
Mtoto wa kiume ha—

Neno lilifika kwenye meno.
Ndipo nikaiona mikono yangu.
Wa kushoto kisu,
wa kulia kiazi, nusu kimemenywa;
begani kanga ya mama yao yenye masizi,
na sikio langu, kama kila usiku
tangu karakana ya injini ilipofungwa,
limeelekea mlangoni.

Nyumba yetu imeegemea jiwe kubwa
lililojikunja kama tembo aliyelala.
Ukuta wa nyuma hatukuujenga,
tuliukuta.

Kwenye bao, Bulugu huniambia:
"Limbwata hilo, ndugu yangu. Umelishwa."
Wanacheka, nami nacheka, nahesabu kete.
Sijawaambia kwamba najua kusuka
(mistari mitatu, inapinda kisogoni)
wala kwamba umeme ukikatika
natoka nje kuzitazama karabai za wavua dagaa,
mji mwingine kabisa uliowashwa juu ya maji,
nikijiuliza kama barafu ya kiwandani
nayo inayeyuka gizani,
na kama leo watawalipa saa zote.

Nikalimeza lile neno.
Lilishuka na miiba yake, kama sato
aliyeliwa kwa haraka.
"Haya," nikasema, "kaa jabalini.
Lakini anayekaa ndiye anayejua
uji umebaki kiasi gani,
nani alikohoa usiku,
na sauti ipi ni ya zimwi
linalojifanya mtu wa nyumbani.
Si kazi ya mtu anayelala."
Akanitazama kama mtu aliyepewa cheo.
Alilala kabla mkaa haujafifia.
Minza aliliua zimwi mara tatu,
mara ya tatu akalionea huruma
akalifunga kamba, akaja nalo nyumbani,
nami sikujua niliweke wapi.

Alfajiri, viatu kwenye ngazi.
Hodi.
"Imba kwanza!" Minza, toka kitandani.
Kimya. Nilimsikia Nkwimba akihema,
akiweka kiroba chini.
Kisha akaimba, sauti imekauka kwa baridi,
nusu ya maneno ameyasahau,
nusu nyingine ameyatunga papo hapo
kuhusu msimamizi wa zamu na mama yake.

"Siyo zimwi," akasema Lugiko. "Ananuka samaki."
Akaenda kufungua, kibuyu cha uji kifuani,
akausukuma mlango kwa bega.

Komeo hatukuwa tumelitia.