Mahali pa Kuandika Chanzo

Kwenye faili la Ambakisye, palipoandikwa Chanzo,
daktari ameweka kistari.
Si kwamba wino ulikwisha. Nilimwona akiinua kalamu,
akaitazama tezi ya shingo, akatazama picha za ini,
akashusha kalamu, akachora kile kistari.

Wameshapita kila mahali: mapafu, tumbo, kibofu;
mpira wenye taa ulishuka kooni asubuhi, na njaa yake.
Kinyama kilisafiri hadi Dar es Salaam ndani ya kichupa,
kikarudi karatasi baada ya wiki tano:
ni saratani. Ilikoanzia, haijulikani.

Isongole wao wanajua.
Shemeji anajua: ni dawa ya viazi, alipiga bila kuziba pua.
Mama Tusekile anajua: ni ule mpaka wa shamba na nduguye.
Muuza ndizi wa stendi, asiyemfahamu hata kwa sura, naye anajua.
Dokta Mwaihojo peke yake alisema, "Sijui, mama,"
na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Februari, nikalala.

Miaka ishirini na miwili mume wangu alilinda bomba la kijiji.
Maji yakipungua alipanda na spana na panga
kulifuata bomba msituni, sikio ardhini,
akarudi jioni, tope hadi magotini.
"Umepaona panapovuja?"
"Sijapaona."
"Sasa?"
"Nimefunga koki ya juu, nimefungua ya kando. Kesho mtakinga."

Leo dripu inadondoka.
Baridi ya Juni imeingia wodini mpaka ndani ya soksi;
nimemwongezea kitenge juu ya blanketi la Rufaa.
Nywele zimebaki kwenye mto kama ndevu za mahindi.
Anahesabu matone. Ufundi haujamtoka.
"Huyu nesi kafungua sana," ananong'ona. "Mwambie."
Nesi anakuja, anatazama saa yake,
anapunguza.

Halafu ananiuliza kama nimemwambia kijana
akasafishe chujio la tangi, majani yasije yakaziba.
Nimemwambia, nasema.
Sijamwambia.
Nitapiga simu nikitoka kununua chai.