Mgeni Asiye na Mzigo

Barua ilifika saa nne na robo, Jumanne,
kichwa chake: "Malipo ya zabibu, msimu wa pili."
Nani katika ushirika wa Hombolo asingeifungua?

Mbeho akabofya.
Dirisha jeusi likapepesa, likafumba
kama kope.
Basi.

Nilipofika, antivairasi ilikuwa inajisifu:
diski safi, mafaili yote salama.
Kweli. Mwizi huyu hakuja na mzigo.
Aliingia mikono mitupu, akachukua kisu jikoni kwetu,
na amri zake zilikuwa na lafudhi yetu.
Ukimtafuta kabatini, hayumo.
Yumo katika kumbukumbu ya mashine,
anaishi kama joto linavyoishi kwenye bati:
jua likizama, huna ushahidi.

"Nizime?" Kidole tayari kwenye kitufe.
"Usizime! Chomoa waya wa mtandao."
Ukizima, anakufa na siri yake,
kesho anarudi na barua nyingine.

Usiku upepo ukasukuma vumbi chini ya mlango,
nasi tukasoma daftari la matukio, mstari kwa mstari:
nani aliamka, nani alimwamsha nani,
na kwa nini programu ya kuandikia
imwite mtoa amri saa nne asubuhi?
Hapo. Unyayo mmoja.

Wakulima walilipwa Ijumaa.
Siku hizi mashine zetu zinachunguza mwenendo, si sura.
Lakini meneja akiuliza kilichotuokoa
nasema: dakika tatu,
tangu Mbeho abofye
hadi aliponipigia, sauti ikimkauka:
"Kaka Ndahani, nadhani nimekosea."